Reli inapita chini ya Naguru, Naguru haipandi

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Kampala

*Kwa zaidi ya miaka kumi Kampala imechorewa mabasi ya mwendokasi, reli nyepesi na hata magari ya kebo. Ardhi ambayo ingefaa kuwa kituo kikuu cha usafiri wa mashariki ya jiji ipo chini ya kilima cha Naguru, ikigombewa na kila mtu isipokuwa abiria.*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi taa za Nakawa zinawaka kijani, na hakuna gari linalosogea. Teksi zimebanana tangu njia panda ya Spear Motors hadi zinapopotelea upande wa Lugogo. Makonda wananing'inia milangoni wakiita "Kampala! Kampala!" kana kwamba Kampala ni mji wa mbali, na wao wamo ndani yake. Bodaboda zinajipenyeza palipo na upenyo. Pasipo na upenyo zinapanda njia ya waendao kwa miguu.

Kutoka kilimani Naguru watu wanashuka. Wamo wauguzi waliomaliza zamu ya usiku katika hospitali ya rufaa, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2012. Wamo vijana wanaowahi kipindi cha kwanza MUBS, chuo cha biashara cha Makerere. Wamo mafundi wa gereji, walinzi, wapishi, na akina mama wanaokwenda kufungua meza zao soko la Nakawa. Wanaoelekea mjini wengi wao hata hawaiangalii foleni ya teksi. Wanashika ukingo wa barabara na kuendelea kwa miguu, kwa sababu wamekwisha kujua nani atatangulia kufika.

Kisha inasikika honi. Treni ya abiria iliyotoka Namanve inaingia Nakawa, mabehewa yamejaa, watu wamesimama bega kwa bega. Inashusha wachache, inapandisha wachache, inaondoka. Teksi niliyokuwa nimeiwekea jicho pale kwenye taa bado iko palepale.

Nimesimama mahali hapo asubuhi nyingi na swali langu halijabadilika. Reli ipo. Barabara kuu ipo. Soko, chuo, hospitali, makao makuu ya Polisi na maelfu ya watu wapo, vyote ndani ya mwendo wa miguu. Kwa nini hakuna aliyewahi kuviunganisha?

Michoro haijawahi kukosekana

Kampala haijapungukiwa na mipango. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa kwa msaada wa Benki ya Dunia ulipendekeza mabasi ya mwendokasi yenye njia zake yenyewe, na Jinja Road, barabara hii inayopita chini ya Naguru, ilikuwa miongoni mwa njia za mwanzo. Mpango wa maendeleo ya jiji wa 2012 nao ukataka usafiri wa umma wa kubeba watu wengi kwa mkupuo.

Wakati wa Jennifer Musisi, mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), aliyeongoza tangu 2011 hadi 2018, jiji likazungumza na kampuni ya China kuhusu reli nyepesi ya umeme, yaani tramu. Yakaja pia mawazo ya magari ya kebo ya kuvuka kutoka kilima hadi kilima.

Tramu haijajengwa hata mita moja. Njia ya mabasi ya mwendokasi haijajengwa. Kebo hakuna.

Vitu viwili ndivyo vilivyotoka kwenye karatasi vikafika barabarani. Cha kwanza ni mabasi 100 ya Pioneer Easy Bus yaliyoanza Machi 2012. Watu waliyapenda: yalikuwa na nauli inayojulikana na hayakungoja kujaa. Mwishoni mwa 2013 yalizuiwa kwa deni la kodi, na barabara ikarudi mikononi mwa teksi.

Cha pili ni hii treni. Ilianza Desemba 2015, ikiendeshwa na Rift Valley Railways iliyokuwa na mkataba wa reli wakati huo, KCCA ikichangia ruzuku. Safari ilikuwa ya kilomita 14, Kampala hadi Namanve, ikisimama Nakawa, Kireka na Namboole. Nauli ilikuwa shilingi 1,500. Mkataba wa kampuni ile ulipovunjwa, Shirika la Reli la Uganda likaichukua kazi na kuirudisha treni mwaka 2018. Ikasimama wakati wa korona. Ikasimama tena njia ilipokuwa ikikarabatiwa, ikarejea 2024.

Treni hii naiheshimu kuliko michoro yote niliyoitaja. Imeonyesha kwa vitendo kwamba mtu wa Kireka au Namboole ataacha siteji ya teksi na kupanda reli, mradi reli ije kwa saa yake. Imeonyesha pia kinachokosekana. Njia ni moja, treni haziwezi kupishana popote zinapotaka, na njia hiyohiyo ndiyo ya mizigo. Abiria anapata safari za asubuhi na za jioni. Akichelewa kutoka kazini, ni shauri lake.

Tena kushuka Nakawa ni kushuka tu. Hakuna tiketi moja ya treni na teksi. Hakuna njia iliyofunikwa ya kumfikisha mtu kwenye siteji ya Ntinda mvua inaponyesha. Kila mmoja anajitafutia.

> *Treni imeonyesha kwamba mtu wa Kireka ataacha siteji na kupanda reli, mradi reli ije kwa saa yake.*

Kilima kilichochorwa na Mjerumani

Ili kuelewa Naguru inagombewaje leo, ni lazima turudi miaka ya 1940.

Serikali ya kikoloni ilipotaka kuupanua mji wa Kampala kuelekea mashariki, ilimpa kazi hiyo Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Huyu hakuwa mtu mdogo. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mipango wa jiji la Frankfurt, ambako mitaa yake ya nyumba za wafanyakazi inasomwa mpaka leo katika vyuo vya usanifu. Wakazi wa Mombasa wanaikumbuka kazi yake nyingine, Hoteli ya Oceanic. Mpango wake wa Kololo na Naguru ulichapishwa 1947.

Kololo ilipewa wenye nacho. Upande wa Naguru na Nakawa serikali ikajenga nyumba za kupangisha wafanyakazi Waafrika. Nakawa ilikuwa ya vibarua. Naguru kodi yake ilikuwa juu kidogo, ikachukua makarani, mafundi na watu wenye ajira ya uhakika zaidi. Chini yao kulikuwa na eneo la viwanda na reli iliyofika Kampala 1931.

Jambo hili halisemwi mara nyingi. Mitaa ile ilipangwa kwa mtu anayetembea. Kazi ilikuwa bondeni, nyumba ilikuwa mlimani, na katikati kulikuwa na njia. Kwa kadiri ya hesabu ya mkoloni, Mwafrika alikuwa na miguu miwili na hiyo ndiyo iliyokuwa usafiri wake wa umma. Mji umekua mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa, lakini hesabu ile bado inatumika.

Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyeishi na kuchunguza mitaa hii mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake 1969, alikuta watu wa makabila mengi wakiishi mlango kwa mlango, wakiwamo Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, Naguru ilikuwa mji wa jumuiya kabla jumuiya haijawa na ofisi. Wakenya wengi waliondoka 1970, pale serikali ya Milton Obote ilipowaamuru wafanyakazi wa kigeni kurudi kwao. Nyumba zikabaki, wapangaji wapya wakaingia, watoto wakazaliwa na kuzeeka mle.

Julai 2011

Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Opec Prime Properties ili mitaa ya Naguru na Nakawa ibomolewe na mahali pake uinuke mji mdogo wa kisasa: maghorofa, maduka, ofisi. Wapangaji waliahidiwa kwamba wangerudi katika nyumba mpya. Walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Julai 2011 matingatinga yaliingia. Zaidi ya familia 1,700 zilitoka. Kuna waliobeba vitanda vichwani kuteremka njia zilezile ambazo baba zao walizitumia kwenda viwandani.

Jiwe la msingi liliwekwa 2013 na Rais Yoweri Museveni. Mji mdogo wa kisasa haukuinuka. Mkataba ukafika mwisho wake, na sehemu kubwa ya ardhi ikakaa miaka na miaka ikiota majani katikati ya jiji ambalo bei ya kiwanja inapanda kila mwaka. Mwaka 2021 Bunge likaunda kamati maalumu kuchunguza jinsi Tume ya Ardhi ya Uganda ilivyogawa ekari 81 za Naguru na Nakawa kwa wawekezaji.

Mjadala ule bungeni niliufuatilia kwa uchungu. Ulikuwa mjadala halali. Nani kapewa, kwa utaratibu gani, ana uwezo gani wa kujenga? Haya yote yalipaswa kuulizwa. Lakini ardhi ilizungumzwa kama keki ya kukatwa vipande. Sauti iliyokosekana ilikuwa ya kusema: hapa ndipo reli ya mashariki, barabara ya Jinja na njia ya Ntinda zinapokutana, na jiji likiipoteza ardhi hii halitapata nyingine mahali pake.

> *Mitaa ile ilipangwa kwa mtu anayetembea. Mji umekua, lakini hesabu ile bado inatumika.*

Nani anataka nini

Upande wa wawekezaji una hoja yake, nayo si ya kudharau. Serikali haina fedha za kujenga kila kitu. Ardhi iliyokaa bure haitoi kodi wala ajira. Ghorofa la ofisi au la makazi linaanza kurudisha fedha baada ya miaka michache, wakati kituo cha tramu ambayo haipo hakirudishi chochote.

Upande wa pili wamo waliohamishwa. Kwao kila mpango mpya unaotajwa juu ya ardhi ile, uwe hoteli au stesheni, unagusa kidonda. Waliahidiwa nyumba. Mtu akija na ramani ya kituo cha usafiri bila kuwataja, kwao atakuwa mgeni mwingine tu aliyekuja na karatasi.

Wapo pia wenye maduka na majengo kandokando ya Jinja Road. Kila wanaposikia "upanuzi" wanawaza alama nyekundu ya X ukutani. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja, ambayo imepangwa kwa miaka mingi, inatarajiwa kuanzia upande huuhuu wa jiji. Ikijengwa bila tramu kufikiriwa, nguzo zake zitakaa mahali ambapo reli ingepita, na nguzo ya zege ikishasimama haijadiliani na mtu.

Halafu kuna wenye teksi.

Siteji ni mali ya nani?

Mipango mingi ya usafiri ya Kampala inamtaja dereva wa teksi kama tatizo la kuondolewa. Nadhani hilo ni kosa, na ni kosa la kisiasa kabla hata ya kuwa kosa la utu.

Teksi ya watu 14 ndiyo inayobeba umma wa Kampala. Serikali ilipoacha kuendesha mabasi, ndiyo iliyoziba pengo. Chama cha wenye teksi na madereva, UTODA, kilisimamia paki za teksi kwa miaka mingi hadi KCCA ilipokiondoa katika kazi hiyo, na tangu hapo siteji zimekuwa uwanja wa mivutano. Nyuma ya teksi moja kuna mwenye gari, dereva, konda, mpiga debe, fundi, na mama muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa pale siteji. Bodaboda nayo, pamoja na ajali zake zinazojaza wodi za hospitali ya Mulago, ndiyo ajira ya kwanza ya kijana aliyetoka kijijini bila cheti.

Dar es Salaam ililikabili jambo hili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, daladala ziliondolewa katika barabara ile kuu, lakini wamiliki wake kupitia vyama vyao walihusishwa katika kampuni iliyoanzisha huduma. Matokeo hayakuwa ya kuridhisha kila mtu: mabasi yalipungua, foleni za vituoni zikarefuka, watu wakalalamika. Hata hivyo daladala hazikufa. Zilisogea pembeni na kuwa za kuleta watu kwenye mwendokasi kutoka mitaani.

Naguru inahitaji hilohilo. Teksi za Ntinda, Bukoto na Kisaasi hazina sababu ya kuburuzana hadi katikati ya jiji. Zingeweza kuishia Nakawa, zikageuza, zikapiga safari nyingi zaidi kwa siku kwa petroli kidogo zaidi. Dereva anayelala nusu ya siku kwenye foleni ya Lugogo hapati faida, anachoma mafuta. Lakini atakubali tu kama kituo kitakuwa na nafasi yake iliyoandikwa, yenye kivuli, maji na choo, naye akiwa ameketi mezani siku ramani inapochorwa. Akiletewa ramani iliyokwisha kukamilika, ataipinga, nami sitamlaumu.

Addis Ababa na barabara ya Entebbe

Fedha ndiyo hoja inayonyamazisha kila kikao. Basi tuitazame.

Septemba 2015 Addis Ababa ilizindua reli nyepesi ya umeme ya njia mbili, zenye urefu wa kilomita 34 hivi kwa jumla. Gharama yake ilikuwa dola milioni 475 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China.

Juni 2018 Uganda ilizindua barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 51. Gharama yake ilikuwa dola milioni 476, na mkopo mkubwa ulitoka benki ileile. Tangu Januari 2022 wanaoipita wanalipia.

Fedha karibu zilezile, mkopeshaji yuleyule, majiji mawili yenye foleni zinazofanana. Moja lilinunua njia ya wenye magari kwenda uwanja wa ndege, lingine likanunua viti vya watu wasio na magari. Kwa hiyo, anayesema Uganda haikuwa na uwezo wa kujenga tramu anakosea. Ilichagua.

Lakini nisiipambe Addis. Treni zake 41 zilianza kupungua mwaka hadi mwaka kwa kukosa vipuri, mpaka zikabaki chache barabarani. Nauli ilikuwa ya chini, ikawafaa maskini, ila haikutosha hata kulipia uendeshaji, na fedha za kigeni za kununua vipuri zilikuwa adimu. Kuna kosa lingine ambalo Naguru inapaswa kuliogopa zaidi: mahali pengi reli ile ilijengewa uzio, ikaigawa mitaa. Mtu aliyezoea kuvuka kwenda kwa jirani akalazimika kuzunguka mbali hadi kwenye kivuko. Tramu iliyokuja kuwaunganisha ikawatenga.

Casablanca, iliyozindua tramu yake Desemba 2012, ilikwenda kwa njia nyingine. Reli ililazwa usawa wa barabara, mtembea kwa miguu akakatiza bila kupanda ngazi, na mitaa kadhaa ya katikati ya mji ikaachiwa watu na tramu peke yao. Leo huwezi kuieleza Casablanca bila tramu.

> *Dola milioni 475 zilijenga tramu Addis Ababa. Dola milioni 476 zilijenga barabara ya Entebbe.*

Mteremko, maji na umeme

Wahandisi huleta mambo matatu kila Naguru inapotajwa.

La kwanza ni mlima. Tramu ya kawaida haipendi mwinuko mkali. Lisbon ina tramu ndogo za zamani zinazopanda mwinuko wa zaidi ya asilimia 13, lakini zile ni behewa mojamoja jembamba, si chombo cha kubeba umati. Kwa Naguru jibu liko wazi: tramu isipande mlima, iuzunguke. Itoke mjini kwa Jinja Road hadi Nakawa, kisha tawi lifuate upande wa Ntinda. Wa juu kilimani washushwe na teksi ndogo na bodaboda, au washuke kwa ngazi na njia nzuri za miguu zenye taa. Ngazi yenye taa si kitu kikubwa, na ndiyo mradi wa usafiri ambao Naguru ingeweza kuupata hata mwaka huu.

La pili ni maji. Mvua ya Kololo na Naguru inateremka kwenye mfereji wa Lugogo, inaungana na Nakivubo na kuelekea Ziwa Victoria. Lugogo inapofurika, Jinja Road inageuka mto. Hapo kuna somo tulilopewa bure na jirani: karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam ilijengwa bonde la Jangwani, na mafuriko yakaja zaidi ya mara moja kuharibu mabasi. Ardhi ya bondeni ni rahisi kuipata kwa sababu kila mtu anajua inafurika. Ardhi ya Nakawa iliyoinuka kidogo juu ya bonde, ambayo ni sehemu ya zile ekari 81, ndiyo salama, na ndiyo inayouzwa.

La tatu ni umeme, na hapa mambo yamegeuka kwa kheri. Bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, likijiunga na Isimba na Nalubaale katika Mto Nile. Nchi iliyokuwa ikikatiwa umeme kwa zamu sasa inatafuta wa kuutumia. Mafuta ya teksi yanalipiwa kwa dola na kupitia bandari ya Mombasa kabla ya kufika hapa. Umeme wa Karuma ni wetu.

Nitaongeza la nne, ambalo silisikii likizungumzwa vya kutosha. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, ile iliyojenga SGR ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272 hivi, kwa euro bilioni 2.7. Reli hiyo ikikamilika, mizigo mikubwa itahamia huko. Reli ya zamani ya upana wa mita moja, inayopita Nakawa, Kireka na Namanve, itakuwa na nafasi ambayo haijawahi kuwa nayo tangu 1931.

Upana wa mita moja si kilema. Tramu zote za Zürich, mji wa vilima kama wetu, zinatembea juu ya reli za upana huohuo. Ina maana Kampala haihitaji kuanza na karatasi tupu. Inaweza kuanza na njia iliyopo, kuiwekea njia ya pili ya kupishania, kuongeza vituo, na kuleta treni nyepesi za umeme polepole. Tawi la Ntinda lingefuata.

Toroli la Mombasa

Wanaosema tramu ni jambo geni kwetu wamesahau pwani. Mombasa ilikuwa na reli za mitaani tangu miaka ya 1890: vigari vidogo vyenye viti na kipaa cha jua, vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kati ya ngome, ofisi na nyumba za wakubwa. Unguja nayo ilikuwa na reli yake ya Bububu iliyoanza 1905, ikipita katika vichochoro vya mjini, karibu sana na milango ya watu.

Toroli zile za Mombasa zina picha nyingi za kale. Kila nikizitazama naona kitu kimoja: aliyeketi ni mmoja au wawili, wanaosukuma ni wawili au watatu. Reli ipo, teknolojia ipo, ila wengi wako nyuma wakitoa jasho ili wachache wafike. Tramu ya Kampala ikijengwa kuunganisha hoteli, maduka makubwa na ofisi za Kololo, huku anayeishi Banda au Naguru ya chini akiiangalia inapita, picha itakuwa ileile, imepakwa rangi mpya.

Kinachoamuliwa sasa

Kwa mujibu wa sensa ya 2024, wanaolala ndani ya mipaka ya Kampala hawafiki milioni mbili. Wilaya ya Wakiso inayoizunguka ina zaidi ya milioni tatu. Ukijumlisha Mukono utaelewa wale waliobanana Nakawa alfajiri wametoka wapi. Jiji la mchana si jiji la usiku, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inapita kwenye taa hizi.

Tramu moja inabeba zaidi ya watu 200. Hao ni wa teksi 14 au 15 zilizojaa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Inachohitaji ni uamuzi wa ardhi, na uamuzi huo hauwezi kungoja mkopo, kwa sababu ardhi inakwenda kabla ya mkopo kufika. Wizara ya Ardhi, Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, KCCA na Shirika la Reli wana ramani zao, kila mmoja yake. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba kabla ya hati nyingine kutolewa Naguru na Nakawa, ramani hizo nne ziwekwe juu ya meza moja, kipande cha kituo kikatwe na kuandikwa jina la umma, na ndani ya kipande hicho zihesabiwe nyumba za kupangisha kwa familia zilizotolewa 2011. Stesheni yenye nyumba juu yake si ndoto. Miji mingi ya dunia inajenga hivyo, na kodi ya maduka ya chini ndiyo inayosaidia kulipa vipuri ambavyo Addis ilivikosa.

Jioni, honi inasikika tena. Treni ya kwenda Namanve inasimama Nakawa na watu wanaruka chini kabla haijatulia. Baadhi wanakwenda siteji ya Ntinda kungoja teksi ijae. Wengine wanaelekea kilimani kwa miguu, simu zikiwamulikia njia, wakipita kando ya kiwanja ambacho zamani kilikuwa mtaa wao. Katikati ya majani wamechora kijia kwa nyayo zao, chembamba, kilichonyooka, kutoka bondeni hadi juu, na hakuna ramani hata moja inayokionyesha.